Si kila kikohozi ni TB: limfoma ya kifuani na barabara ndefu kutoka Mitwaba

Mgonjwa anakohoa kwa majuma matatu. Usiku anaamka shuka limelowa jasho, suruali inamlegea kiunoni, na homa inakuja jioni na kuondoka asubuhi. Katika kituo cha afya cha wilaya ya Mitwaba, kaskazini mwa jimbo la Haut-Katanga, muuguzi anayeelezwa hali hiyo hufikiria jambo moja kwanza: kifua kikuu. Mara nyingi yuko sahihi. Kongo imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani, OMS, ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa TB, na Mitwaba ni nchi ya wachimbaji wa kasiterite, watu wanaoshinda na vumbi na kulala wengi katika nyumba moja.

Lakini wako wachache ambao dawa za TB hazitawasaidia kitu. Kinachowakohoza hakimo ndani ya mapafu. Kimekaa katikati ya kifua, nyuma ya mfupa wa kidari, mahali ambapo moyo, koo la hewa na mishipa mikubwa ya damu vimebanana. Ni uvimbe wa kansa ya limfoma, na mara nyingi huanzia katika kiungo ambacho watu wengi hawajawahi kusikia jina lake: tezi ya timusi.

Kiungo hicho kilidharauliwa hata na madaktari wenyewe. Mtoto anapozaliwa, timusi yake ni kubwa. Akishabalehe huanza kunywea, na kwa mzee hubaki kama kipande cha mafuta. Kwa kuwa hawakujua kazi yake, mwanzoni mwa karne iliyopita madaktari wa Ulaya na Marekani waliishuku kuwa inawanyonga watoto wachanga usingizini, wakawa wanaichoma kwa mionzi. Baadhi ya watoto hao walikuja kupata kansa ya tezi ya shingo walipokua. Makosa ya namna hiyo hayakumbukwi sana, ila yalitokea.

Ukweli ulijulikana mwaka 1961. Mtafiti kijana huko London, Jacques Miller, alikuwa akichunguza kansa ya damu ya panya, ile inayoanzia katika timusi. Alipoitoa tezi hiyo kwa panya waliozaliwa muda mfupi tu uliopita, wakawa dhaifu, wakashindwa kupigana na maradhi, wakafa. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba timusi ni chuo cha askari wa mwili: chembe nyeupe za damu zinazoitwa limfositi hupita humo kufundishwa kumtofautisha adui na mwenyeji. Herufi T katika jina la limfositi T ndiyo ya timusi. Miller alipewa tuzo ya Lasker mwaka 2019, karibu miaka 60 baadaye, pamoja na Max Cooper.

Limfoma ni hao askari wanapoasi. Limfositi moja inaharibika, inakataa kufa, inazaa nyingine mfano wake bila kikomo. Ikitokea katika timusi au katika tezi za limfu zilizo jirani, zile ambazo wauguzi wetu huziita maganglio, uvimbe hukua mahali pasipo na nafasi ya kukulia.

Aina kubwa za kifuani ni tatu, na kila moja ina watu wake. Ya kwanza hushika zaidi watoto wakubwa na vijana, wengi wao wavulana. Huitwa limfoma ya limfoblasti T, nayo huenda mbio, kwa siku na majuma wala si miaka. Ya pili ni ya limfositi B za timusi yenyewe, na hupenda zaidi wanawake kuliko wanaume, hasa wenye miaka ya thelathini, umri wa mama mwenye watoto wadogo mgongoni. Ya tatu ni limfoma ya Hodgkin, inayoanza polepole kwa vijana, mara nyingi na uvimbe usiouma shingoni juu ya mfupa wa bega. Limfoma ya Burkitt, ambayo Afrika ya Mashariki imeifahamisha dunia, hushika zaidi taya na tumbo la watoto, na kifuani huonekana kwa nadra.

Mafunzo ya kutofautisha

Kwa nini inachanganywa na TB? Kwa sababu homa, jasho la usiku na kukonda ni dalili za zote mbili. Hata picha ya radio inaweza kudanganya, maana TB pia huvimbisha maganglio ya kifuani, hasa kwa watoto na kwa watu wenye virusi vya SIDA. Na virusi hivyo vyenyewe huongeza hatari ya limfoma. Tafiti za Afrika Kusini zimeonyesha kwamba wagonjwa wengi wa limfoma walianzishiwa kwanza dawa za TB, wakapoteza majuma na miezi kabla ya kujulikana wanaumwa nini.

Muuguzi wa kijijini hana cha kulaumiwa hapo. Makohozi yakipimwa na kukutwa hayana vijidudu, mwongozo unaruhusu mgonjwa kutibiwa TB kwa dalili tu, kwa sababu kumwacha mwenye TB bila dawa ni kumuua na kuambukiza nyumba nzima. Shida inaanza baadaye. Matibabu ya TB huchukua miezi sita: miwili ya dawa nne, minne ya dawa mbili. Mgonjwa wa kweli wa TB huanza kupata nafuu katika majuma ya kwanza. Homa inashuka, hamu ya ugali inarudi. Asiyepata nafuu yoyote mwezi wa pili ukiisha, vidonge akiwa amevimeza kweli kila siku, anahitaji kuangaliwa upya. Inaweza kuwa TB sugu. Inaweza pia kuwa si TB.

Ziko dalili ambazo limfoma ya kifuani huonyesha na TB huonyesha kwa nadra. Uvimbe ukiubana mshipa mkubwa unaoteremsha damu ya kichwa na mikono kuelekea moyoni, damu hukosa njia. Uso huvimba asubuhi, macho yanakuwa mazito, kola ya shati inakaza, mishipa ya shingo na ya kifua inasimama kama kamba chini ya ngozi. Daktari humwomba mgonjwa ainue mikono yote miwili juu ya kichwa na kukaa hivyo kwa dakika moja hivi. Uso ukijaa damu na kuwa mweusi au mwekundu na pumzi ikimpungukia, hiyo ni ishara kubwa. Haihitaji mashine wala umeme.

Dalili nyingine ni ya kitandani. Mgonjwa hawezi kulala chali. Analala ameketi, ameegemea mto au ukuta, kwa kuwa akilala uvimbe unakaa juu ya koo la hewa. Familia nyingi hulisema jambo hili kwa kupitia tu, kana kwamba ni tabia ya mgonjwa, na daktari asipouliza halitajwi.

Hapo pana mitego miwili ambayo madaktari wa kansa huirudia kwa wanafunzi wao. Wa kwanza: mgonjwa wa namna hiyo akilazwa chali na kupewa dawa ya usingizi ili akatwe kipande cha nyama ya kupimwa, njia ya hewa inaweza kuzibika mezani pale pale. Kwa hiyo kipande hutafutwa kwanza mahali pepesi, kwenye ganglio la shingoni kwa ganzi ndogo, au katika maji yanayokusanyika pembeni mwa pafu, mgonjwa akiwa ameketi. Wa pili ni dawa zenyewe. Prednisolone na deksamethazoni zinapatikana katika famasia nyingi, hata kwa muuza dawa wa sokoni. Mgonjwa akipewa, anapumua vizuri kwa siku kadhaa, uso unapungua, kila mtu anashukuru Mungu. Kumbe dawa hizo huyeyusha chembe za limfoma kwa muda. Kipande kikija kukatwa, darubini haioni kitu cha kueleweka, na uvimbe unarudi baadaye ukiwa na nguvu. Pale tu ambapo mgonjwa anakaribia kukata roho ndipo daktari huanza na dawa hizo, akijua gharama yake.

Barabara

Kutoka Mitwaba hadi Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 400 kwa barabara, na neno barabara hapa linahitaji uvumilivu. Wilaya hii inakaa pembezoni mwa hifadhi ya Upemba, katika lile eneo ambalo miaka ya vita vya Mai-Mai liliitwa pembetatu ya kifo, kati ya Manono, Mitwaba na Pweto. Ni Mitwaba mjini ambapo kiongozi wa wanamgambo Gédéon Kyungu Mutanga alijisalimisha mwezi Mei 2006. Vijiji vilivyochomwa vilijengwa tena, lakini mashine ya skana haikuletwa.

Jibu la uhakika kuhusu limfoma linatoka chini ya darubini, kwa daktari aliyebobea katika kusoma vipande vya nyama ya mwili. Kongo nzima ina wataalamu hao wachache, na wengi wako katika miji mikubwa. Kwa watu wa Mitwaba, mji huo ni Lubumbashi, wenye Kliniki za Chuo Kikuu na hospitali ya Jason Sendwe, iliyopewa jina la kiongozi wa Balubakat aliyeuawa mwaka 1964. Na kutaja tu kwamba ni limfoma hakutoshi. Kipande kinahitaji kupakwa rangi maalumu zinazoonyesha kama chembe ni za T au B, kwa sababu dawa za aina moja si za nyingine. Pale ambapo rangi hizo hazipo, kipande husafirishwa nje, na familia inasubiri.

Mwenye uwezo huvuka Kasumbalesa. Hospitali ya magonjwa ya kansa ya Lusaka, nchini Zambia, ilifunguliwa mwaka 2007 na inatoa tiba ya mionzi. Watu wa Goma na Bukavu huangalia upande mwingine: kituo cha Butaro, kaskazini mwa Rwanda, kilichofunguliwa mwaka 2012, au taasisi ya kansa ya Kampala, ambayo ndiyo mkongwe wa eneo letu. Wasio na uwezo hubaki.

Kongo yenyewe, nchi ya watu zaidi ya milioni 100, ilikaa miaka mingi bila mashine ya kutibu kansa kwa mionzi. Kwa mtu anayeshuka kutoka Mitwaba jambo hili lina uchungu wa pekee. Njiani, karibu na Likasi, yapo machimbo ya Shinkolobwe. Dunia inayajua kwa uranium iliyotumika katika bomu la Hiroshima mwezi Agosti 1945. Kabla ya hapo, kilichotafutwa sana Shinkolobwe kilikuwa radium. Tangu mwaka 1922 kampuni ya Union Minière ilikuwa ikitoa radium kutoka katika mawe ya Katanga kwenye kiwanda cha Olen, Ubelgiji. Mawe hayo yalikuwa tajiri kiasi kwamba machimbo ya Marekani yalishindwa kushindana nayo, na Katanga ikatawala soko la dunia mpaka Canada ilipoingia miaka ya 1930. Radium hiyo iliwekwa katika sindano na mirija midogo ya kuchoma kansa katika hospitali za Ulaya na Amerika. Kinshasa nako, mwaka 1959, kulianza kufanya kazi kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika. Mionzi, basi, si kitu kigeni kwa nchi hii. Ilitoka hapa, ikatibu wengine.

Hata hivyo, kukosa mionzi hakumaanishi kukosa matumaini, na hapo historia ya jirani zetu inafundisha kuliko vitabu vingi vya mbali. Taasisi ya kansa ya Uganda ilianzishwa mwaka 1967 kama kituo cha kutibu limfoma, ikifuata kazi ya Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago. Mwaka 1958 Burkitt alieleza kansa ya taya za watoto. Mwishoni mwa 1961, huku Katanga ikiwa katika vita vya kujitenga, yeye na wenzake wawili waliendesha gari la zamani kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika, wakiingia hospitali baada ya hospitali kuuliza nani ameiona. Kituo kilichozaliwa baadaye kiliongozwa kwanza na Mmarekani John Ziegler, kisha na Mganda Charles Olweny. Hawakuwa na mashine ya mionzi. Ulaya na Marekani wakati huo mionzi ndiyo ilikuwa nguzo ya kutibu Hodgkin. Olweny na wenzake waliwatibu watoto wa Uganda kwa dawa peke yake, mchanganyiko wa dawa nne uitwao MOPP, na mwaka 1978 wakachapisha matokeo ya miaka kumi: watoto wengi walikuwa hai. Ulikuwa miongoni mwa ushahidi wa mapema duniani kwamba inawezekana.

Utafiti wa karibuni umefika mahali hapo hapo kwa njia nyingine. Mwaka 2013 madaktari wa taasisi ya taifa ya kansa ya Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa 51 wa limfoma B ya timusi waliotibiwa kwa dawa bila kuchomwa mionzi, isipokuwa wachache sana. Baada ya miaka mitano hivi, 97 kati ya kila 100 walikuwa hai. Hiyo ni hospitali yenye kila kitu. Lakini inaonyesha kwamba kizuizi cha kwanza kwa mgonjwa wa Katanga si ile mashine ya bei ya mamilioni. Ni kipande cha nyama kinachokatwa mapema na dawa zinazopatikana bila kukatika.

Dozi sita, siku 21

Mchanganyiko wa dawa unaotumika zaidi huitwa CHOP. Ni dawa nne: tatu za kansa, na prednisolone au nduguye prednisone, ile ile ya famasia, sasa ikiwa mahali pake. Ikiwezekana huongezwa rituximab, inayoshika limfositi B tu, na ambayo OMS imeiweka katika orodha yake ya dawa za lazima. Moja ya dawa hizo ni nyekundu kama juisi ya bisapu, na mgonjwa asipoambiwa mapema hushtuka anapokojoa mkojo mwekundu siku hiyo; si damu. Nywele hutoka, kisha huota tena. Damu hupungua nguvu, na homa yoyote katika siku hizo ni safari ya kwenda hospitali usiku huo huo, si kungoja asubuhi.

Dawa nyingine kati ya hizo, vincristine, hutolewa katika ua dogo la rangi ya waridi au nyeupe, asili yake Madagascar, ambalo limepandwa mbele ya nyumba nyingi za miji yetu bila mwenye nyumba kujua. Wapo wanaosikia habari hiyo na kwenda kuchemsha majani. Ni hatari. Inahitajika kiasi kikubwa sana cha majani kupata chembe ndogo ya dawa, na majani hayo hayo yana sumu nyingine. Hata hospitalini dawa hiyo huingizwa mshipani tu, kwa kipimo kidogo, na bado hufa ganzi vidole.

Kwa limfoma B na Hodgkin, matibabu hudumu miezi kadhaa. Ile ya vijana, ya limfoblasti T, hudai takriban miaka miwili, mingi ya miezi hiyo ikiwa ya vidonge vya nyumbani. Mchezaji wa mpira wa Kimarekani Eric Berry alihisi maumivu ya kifua katikati ya mechi mwezi Novemba 2014; ikawa Hodgkin. Akatibiwa kwa dawa, na mwaka uliofuata alirudi uwanjani na timu yake. Yeye alipigwa picha ndani ya siku chache. Hiyo ndiyo tofauti.

Kwa mgonjwa wa Mitwaba hesabu iko hivi. CHOP hutolewa kila baada ya siku 21, kwa kawaida mara sita. Kati ya dozi moja na nyingine inabidi damu ipimwe. Dawa, vipimo, kitanda na usafiri, vyote kwa kawaida hutoka mfukoni mwa familia, kwa dola au kwa franka, na mahindi ya msimu mmoja hayatoshi. Kupanda lori kurudi kijijini baada ya kila dozi, damu ikiwa chini, ni kujitafutia maambukizi, na kuanzia Novemba mvua hufanya malori yenyewe yakwame njiani kwa siku nyingi. Kwa hiyo kabla ya kuulizia bei ya dawa, familia inayoshuka huuliza jambo jingine: ni ndugu gani wa Katuba au wa Kenya ana chumba ambacho mgonjwa na mtu wa kumwangalia wanaweza kukaa miezi mitano.